Wakili wa elfu 40 ama wa elfu 150? Ndugu yangu ameshtakiwa wizi wa mabavu juu ya simu

DadaWaUmoja

Wadau habari za jioni. Naomba mnisaidie na akili juu hapa kwetu hakuna mtu analala. Kakangu mdogo ana miaka 23, ni mtu wa boda, alinunua simu ya mkono wa pili kwa jamaa wa hapo hapo stejini, mtu wa kuonana naye kila siku, elfu 9. Ameitumia kama miezi miwili hivi. Ijumaa jioni wakakuja wawili wamevaa kiraia wakamwambia hiyo simu ni ya mtu aliibiwa usiku akakatwa panga kwa mkono, wakaenda naye. Akalala ndani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu akapelekwa kortini, sisi tukijua ni maswali kidogo ataulizwa arudi nyumbani, kumbe anasomewa wizi wa mabavu! Nilikuwa nimekaa benchi ya nyuma nikasikia tu sauti yake ikisema "si kweli", magoti yangu yakaisha nguvu.

Sasa yuko rimandi, mambo ya dhamana ni wiki ijayo. Familia nayo imegawanyika. Mjomba ana wakili wake alitusaidia na ile kesi ya shamba kule Murang'a, anaitisha elfu 40 kesi yote mpaka mwisho. Rafiki ya mama wa kanisani ametuelekeza kwa mwingine, huyo jinai ndiyo kazi yake tu, ametuambia elfu 150, na depo ya 50 kabla hajaguza kitu. Mjomba anasema wakili ni wakili, wote walisoma shule moja. Mama anasema atauza ng'ombe. Mimi niko hapo katikati na nauliza tu, huyu wa jinai hufanya nini haswa na hizo pesa zote, na kuna tofauti kweli? Msinitusi tafadhali, mpaka wiki iliyopita sikuwa nimewahi kuingia korti maishani.

MzeeKijana

Pole dada. Lakini nikuambie ukweli wa hii nchi, unakumbuka ule msemo wa kwa nini ukodi wakili na jaji ananunulika? Hiyo 150 tafuta mtu anajulikana hapo kortini wamalizane nje, kesi za simu ni biashara tu.

Fundi wa Mabati

@MzeeKijana wacha kumpotosha msichana wa wenyewe. Hao "watu wanajulikana" ndio walikula elfu 30 ya mathe wangu na mimi nikabaki ndani.

Dada mimi nilikaa rimandi miaka miwili na miezi minne kwa hii hii kesi, wizi wa mabavu, kwa hivyo nitakuambia venye niliona na macho yangu. Wakili wetu wa kwanza alikuwa mtu mzuri sana, tena mpole, alikuwa anafanyia baba mambo ya plot. Kortini kazi yake ilikuwa kusimama na kusema mheshimiwa naomba tarehe nyingine. Yule mlalamishi alipopanda kizimbani akasema ni mimi alinishika shingo, wakili wangu akasimama akamuuliza maswali kama matatu hivi, moja ilikuwa eti una uhakika? Sasa mtu amekuja na matatu mbili kutoka mbali kusema ni wewe, ukimuuliza una uhakika atakujibu nini. Akasema ana uhakika mia kwa mia na hakimu akaandika.

Halafu hakimu akahamishwa, akakuja mwingine. Hapo ndipo dadangu alikuwa amepata wakili mwingine, mama mmoja mfupi hivi hana maneno mingi. Kitu ya kwanza alifanya ni kuomba mashahidi waitwe upya juu hakimu ni mpya, kuna kifungu cha 200 kinakubali hiyo, mimi sikuwa hata najua iko. Kitu ya pili alikuja rimandi na stetimenti za mashahidi zote akanisomea moja moja, akaniuliza siku ya paredi, ile ya kupangwa mstari mlalamishi amtambue mtu, nilikuwa nimevaa nini, nani alinipeleka, tulipita wapi. Nikamwambia tulipita pale ofisi ya OB, pale kituoni watu huandikisha ripoti, na yule mlalamishi alikuwa amekaa hapo kwa benchi. Akaacha kuandika akaniangalia. Akasema rudia hiyo.

Kortini hakumuuliza yule jamaa kama ana uhakika. Alimuuliza tu polepole, ulifika kituoni saa ngapi, ulikaa wapi, nani walipita ukiwa umekaa hapo. Halafu akamsomea ile stetimenti ya siku ya kwanza yenye alikuwa amesema kulikuwa giza hakuona sura ya mtu. Ilichukua kama dakika ishirini. Nilitolewa bila hata kuwekwa kwa utetezi, hakimu alisema hakuna kesi ya kujibu.

Miaka miwili na nusu hakuna mtu amenilipa mpaka leo, wala sitarajii. Lakini uliuliza kama kuna tofauti.

Wakili Mchovu

Dada wa Umoja, pole kwako na kwa mama. Nimefanya jinai peke yake miaka 14 hapa Nairobi, Milimani, Kibera, Makadara, na kila korti ndogo katikati, kwa hivyo nina upande, uchukue maneno yangu ukijua hivyo. Sitakuambia umchukue nani. Nitakuambia kazi yenyewe ni nini, nyinyi mtajichagulia.

Mjomba hajakosea kabisa. Kenya leseni ya wakili ni moja, hakuna cheti kinasema huyu ni wa jinai na yule ni wa mashamba. Kwa hivyo neno "wakili wa jinai" ni mtu kujiita tu mpaka umchunguze. Na kuna wa shamba ambaye akiketi akasoma faili atafanya vizuri kuliko mtu amejaza picha zake mtandaoni akiwa na joho. Shida ni kwamba kesi ya jinai haikungoji usome. Ya shamba imejaa makaratasi, ukisahau kitu leo utawasilisha mwezi ujao. Ya jinai shahidi anasimama mbele yako mara moja, saa moja, akishuka ameenda.

Sasa kesi ya ndugu yako. Kwa vile umeeleza, sioni kama kuna mtu amesema alimwona. Mashtaka yamejengwa juu ya simu kupatikana kwake. Sheria inasema ukipatikana na kitu kiliibiwa juzi juzi, ni juu yako kueleza ulikipata aje, na usipoeleza korti inaweza kukuchukulia kama mwizi mwenyewe. Kesi nyingi sana za simu ziko hivi. Kwa hivyo vita yote hapa ni juu ya vitu viwili, ule muda, na maelezo ya kijana.

Muda: simu ni kitu cha kupita mikono haraka, si kama ng'ombe. Siku mbili baada ya wizi ni kitu kingine na miezi miwili ni kitu kingine kabisa. Mimi ningetaka kujua laini yake iliingia kwa hiyo simu tarehe gani haswa, na kati ya usiku wa wizi na hiyo tarehe kulikuwa na laini ya nani ndani. Kampuni ya simu ina hizo rekodi, zinafuata zile namba 15 za simu unaona ukibonyeza *#06#. Polisi walitumia rekodi hizo hizo kumfikia kijana. Mara nyingi kwa faili huwa wameweka ule ukurasa unamguza mshtakiwa na ule wa kabla yake hawajaweka. Wakili mwenye amezoea anaitisha huo ukurasa kwa barua mapema, Katiba kifungu cha 50 kinampa haki ya kuona ushahidi kabla kesi ianze.

Maelezo: alilipa aje? Kama ni M-Pesa, hiyo meseji ni dhahabu. Msiifute, msibadilishe laini. Na picha ya skrini pekee haitoshi, ushahidi wa kielektroniki unataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi, kwa hivyo mwombe wakili aitoe ile rekodi rasmi.

Na hapa ndipo nimeona watu wanafungwa bure, nisikilize vizuri. Kuna mawakili wanaweka hiyo hadithi ya "nilinunua" mpaka mwisho, siku ya utetezi, wakidhani ni siri ya ushindi. Mwaka mzima mashahidi wamepita, mpelelezi amepita, hakuna mtu ameulizwa kuhusu muuzaji. Halafu mshtakiwa anapanda anasema nilinunua kwa fulani. Hakimu anaandika kwamba hayo ni mawazo ya baadaye, yametungwa. Ukiyatoa mapema, ukamuuliza mpelelezi mbele ya hakimu, "afande huyu kijana siku ya kwanza alikutajia jina la aliyemuuzia, wewe ulienda kumtafuta?" hiyo ni kesi nyingine. Akisema hakwenda, ni shimo kwa upande wao. Maneno ni yale yale, yamesemwa mwezi tofauti.

Kuhusu uzito wa shtaka, sitaki kuwaogopesha lakini mjue. Kifungu cha 296(2). Wakiwa wawili na zaidi, au kukiwa na silaha, au mtu akipigwa, moja tu kati ya hizo inatosha, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mtaambiwa Mahakama ya Juu ilitoa hiyo kitu 2017. Ilitoa tu ule ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, na 2021 wakarudi wakasema uamuzi ule ni wa mauaji tu. Hakuna mtu amenyongwa hapa tangu 1987, ila kifungo ni kifungo. Ndiyo maana ningeanza kuongea na ofisi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, mapema, kama ushahidi wote ni simu basi tuzungumze juu ya kupatikana na mali ya wizi, kifungu cha 322, ama watoe kabisa. Wakitoa chini ya 87(a) msichinje mbuzi bado, wanaweza kumrudisha.

Dhamana: tangu Katiba ya 2010 kila shtaka lina dhamana, hata hili, isipokuwa prosikuta aonyeshe sababu nzito. Afisa wa probesheni anaweza kukuja kwenu kuandika ripoti. Mpokeeni vizuri, mwambieni ukweli, na mdhamini awe mtu anakaa mahali panajulikana. Kijana wa boda, steji moja, mama yuko, hiyo si ripoti mbaya.

Nimeandika mingi na kesho niko kortini saa tatu kusubiri faili ya polisi ambayo nina hakika haitafika.

Njoki R.

Swali la kweli wakili, si la ubaya. Huyu wa dada inaonekana hana makosa sawa, lakini wale unajua walifanya unawatetea aje na unalala? Mimi nilinyang'anywa simu na kisu, ningetaka huyo jamaa asipate hata wakili mmoja.

Wakili Mchovu

Pole kwa hiyo, na una haki ya kusema hivyo.

Mteja akiniambia alifanya, mikono yangu inafungwa kidogo. Siwezi kumpandisha kizimbani aape kwamba alikuwa Nakuru. Siwezi kuleta shahidi wa uongo. Kwangu anabaki na kitu kimoja, upande wa mashtaka uthibitishe, na mimi naruhusiwa kupima kila kipande walicholeta. Siku nyingine wanathibitisha na anafungwa na hiyo ni sawa.

Wengi hawaniambii, na mimi siulizi "ulifanya?" Nauliza polisi wana nini.

Kulala, nalala. Wenye hunikosesha usingizi ni wa aina ya huyu wa dada, juu ukimpoteza mwenye hakufanya hakuna mtu wa kugawana naye lawama. Kuna mmoja, miaka mingi sasa, nilisahau kuuliza shahidi kuhusu taa. Ilikuwa usiku, shahidi alisema aliona kwa mwanga wa taa ya nje, na mimi sikuuliza taa ilikuwa umbali gani, ya rangi gani, ilikuwa nyuma yao ama mbele. Tangu kesi ya Wendo 1953 mahakama za huku zinasema ushahidi wa shahidi mmoja kumtambua mtu kwa hali ngumu uangaliwe kwa makini sana, kila mwanafunzi wa sheria anajua, na mimi nikasahau taa. Tulishinda kwa rufaa. Alikuwa amekaa miaka minne. Mpaka leo kwa kila faili ya usiku naandika TAA juu kwa wino mwekundu.

MzeeKijana

Sawa wakili nimesikia. Lakini elfu 150 kwa mtu wa boda si ni wizi pia? Wa mabavu kabisa 😂

Wakili Mchovu

Haha. Ni pesa mingi, sikatai. Lakini hesabu, kesi kama hii inaweza kukokota zaidi ya mwaka, kila tarehe ni asubuhi yote imeenda hata kama ni menshen, kesi kutajwa tu, ya dakika mbili. Mwenye ameitisha 40 ya kesi yote hadi mwisho, muulizeni atakuja mwenyewe ama atamtuma mtu amshikie. Na mwenye ameitisha 150, muulizeni hiyo inafika wapi, hukumu tu ama na rufaa (rufaa mnapata siku 14, haziongezeki hivi hivi). Zote ziandikwe. Akiwaambia "mtanilipa tukishinda" tokeni hapo, sheria ya mawakili haikubali. Akiwaambia anamjua hakimu, tokeni mkikimbia.

Jina lake mlitafute kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, muone kama leseni ya mwaka huu iko hai. Siku hizi kuna watu wamevaa suti na hawana chochote. Na mkikosa kabisa pesa kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria chini ya ile sheria ya 2016, na Kituo cha Sheria ambacho kipo tangu 1973. Foleni ni ndefu, lakini hata ushauri wa siku moja unasaidia.

Swali ningewauliza wote wawili kabla ya kutoa hata shilingi: "mtashika nini kwanza?" Mwenye atajibu simu, tarehe, muuzaji, huyo amesikia kesi. Mwenye atajibu msijali, huyo hajasikia.

Fundi wa Mabati

Na mwenye atakubali kwenda rimandi kumwona KABLA ya tarehe. Usisahau hiyo. Wangu wa kwanza tulikuwa tunaongea kupitia wavu wa seli ya korti dakika tano watu arobaini wakipiga kelele.

DadaWaUmoja

Nimelia nikisoma, asanteni. Leo tumeenda kwa wote wawili na mama. Wa mjomba tulipomuuliza atashika nini kwanza akasema tumwachie Mungu na yeye. Yule mwingine hakutuacha tuketi vizuri akauliza simu ilinunuliwa lini na nani alipokea pesa. Tumelipa 20, amekubali iliyobaki ya depo tumalize mwisho wa mwezi. Mjomba amenuna lakini ataweka logbuku ya pikapu kwa dhamana.

Meseji ya M-Pesa tumeipata. Alituma elfu 5, ile 4 alimpa mkononi. Jina la huyo jamaa liko hapo, majina mawili. Sasa swali moja, polisi walimfanya kakangu asaini karatasi ile Jumamosi, yeye mwenyewe hajui iliandikwa nini. Hiyo imetumaliza?

Wakili Mchovu

Hapana. Ikiwa ni kukiri, lazima kuwe mbele ya hakimu, jaji, ama afisa wa polisi ambaye si yule anachunguza kesi, na awepo mtu wa tatu wa kuchaguliwa na yeye mwenyewe. Karatasi ya kusainishwa dawatini Jumamosi bila hayo haina miguu. Mwambie wakili leo leo aiulizie, na kijana aandike mwenyewe anachokumbuka, saa, chumba, nani walikuwa hapo.

Na jambo moja la muhimu kuliko yote: huyo muuzaji msimpigie simu. Msiende stejini kumtafuta. Mwachieni wakili.

DadaWaUmoja

Mama ameshampigia. Saa nane.

Wakili Mchovu

Alisema nini?

DadaWaUmoja

Alisema hamjui kakangu. Halafu akazima.

Wakili Mchovu

Sawa. Msimtafute tena hata akipiga yeye. Hapo stejini kuna watu waliona akiuza hiyo simu, majina yao tu, msiwafundishe la kusema. Saa ya hiyo simu na maneno yake mama ayaandike sasa hivi kabla alale, aweke sahihi na tarehe, na kesho asubuhi hiyo karatasi iwe kwa meza ya wakili kabla hamjafanya kitu kingine chochote.